Watoto 74, kitabu kimoja cha picha: jibu kwa mwalimu wa Darasa la Tatu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Darasa la Tatu katika shule ya msingi iliyo kando ya ziwa, mkoani Mara. Nina wanafunzi 74. Ndugu yangu aliyeko Nairobi alinitumia kitabu kimoja cha picha, Handa's Surprise. Niliwasomea watoto huku nikiwatafsiria, wakafurahi na kucheka sana. Kisha nikawaambia waandike hadithi yao. Karibu wote waliandika "Hapo zamani za kale palikuwa na sungura na fisi", na waliobaki waliirudia hadithi ya Handa mwanzo hadi mwisho. Je, watoto hawa hawana ubunifu? Nifanyeje nikiwa na kitabu kimoja tu? Na mwalimu mkuu anauliza haya yote yatasaidia nini kwenye Upimaji wa Darasa la Nne.

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Nianze na hilo linalokuuma. Watoto wako wana ubunifu, na ushahidi umenipa wewe mwenyewe: umesema walicheka. Hebu tujiulize walicheka nini.

Kwa wasomaji ambao hawajakiona, kitabu hiki ni kazi ya Eileen Browne, maandishi na michoro, na kilitoka Uingereza mwaka 1994. Hadithi ameiweka kwa Waluo wa kusini magharibi mwa Kenya. Handa anajaza kikapu matunda saba ya aina saba, anajitwika, anaelekea kijiji cha jirani kwa rafiki yake Akeyo. Njiani anawaza Akeyo atapenda tunda lipi. Maneno ya katikati ya kitabu ni mawazo hayo tu, tunda baada ya tunda. Lakini kwenye picha, nyuma ya Handa, tumbili anachukua ndizi, mbuni anachukua pera, punda milia chungwa, tembo embe, twiga nanasi, swala parachichi, na kasuku anamalizia na pasheni. Handa hana habari. Kikapu kikiwa kitupu, mbuzi aliyekuwa amefungwa anakata kamba, anaukumba mchenza, machenza yanaporomokea kikapuni mpaka kinajaa. Handa anafika, Akeyo anafurahi kwa kuwa machenza ndiyo tunda analolipenda kuliko yote, na anayepigwa na butwaa ni Handa.

Sasa angalia vizuri. Hakuna ukurasa unaosema "tumbili aliiba ndizi". Mtoto wako aliyecheka pale aliitunga sentensi hiyo mwenyewe, kichwani, palepale, kwa kulinganisha alichokisikia kwako na alichokiona kwa macho yake. Watoto wako walikuwa wameshaanza kutunga kabla hujawaambia washike penseli. Kazi iliyobaki ni kukifanya kile walichokitunga kimya kimya kipite mdomoni kwanza, ndipo kifike kwenye daftari. Wewe uliwarusha hatua hiyo, na ukawapa kazi pana mno. "Andikeni hadithi yenu" ni agizo linalomtisha hata mtu mzima. Mtoto wa miaka minane au tisa akipewa upana huo anakimbilia anachokijua, na anachokijua ni sungura na fisi. Hakuna ubaya na sungura na fisi, ni urithi wao. Ila hapo mtoto anakumbuka, hatungi.

Tuanze na kusoma. Tafsiri yako iandike kabla ya kuingia darasani, na kila ukisoma tumia maneno yaleyale. Kitabu hiki kinajirudia kwa makusudi: kila ukurasa swali ni lilelile, linalobadilika ni tunda na sifa yake. Ukitafsiri papo kwa papo, leo utasema "embe tamu", kesho "embe lililoiva", na ule mrudio ambao mtoto angeushika akautumia kwenye maandishi yake unapotea. Somo la kwanza lisome lote, bila kusimama, bila swali hata moja. Najua mafunzo mengi yanatuambia tusimame kila ukurasa tuwaulize watoto nini kitatokea. Mimi siungi mkono kwa kusoma mara ya kwanza. Mtoto ana haki ya kuipata hadithi nzima kwanza, aifurahie, ndipo tuanze kuifungua.

Kuhusu kitabu kimoja kwa watoto 74: usiwasomee wote kwa pamoja. Wa nyuma hawataona picha, na picha ndiyo nusu ya hadithi. Gawa darasa katika makundi ya watoto kumi na wawili au zaidi kidogo. Kundi moja likae mkekani karibu nawe, mengine yachore au yasome kimya, na mzunguko uchukue siku kadhaa. Kama shuleni kuna wanafunzi wa Darasa la Sita wanaosoma vizuri, wafundishe tafsiri yako, nao wawasomee wadogo zao. Nimeliona hili likifanya kazi vizuri, na hao wakubwa nao wananufaika. Halafu chagua picha tatu tu, ya tumbili, ya tembo na ya mbuzi, uzichore upya kwa ukubwa kwenye salfeti au karatasi ya manila, uzitundike ukutani. Kama huchori, yupo mwanafunzi wa Darasa la Saba anayechora kukuzidi, mpe yeye. Usiandike neno lolote chini yake.

Kipindi cha pili ni cha mazungumzo, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Anza kwa namna wanayoijua. Ukisema "Hadithi, hadithi!" watakujibu "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Wameshapewa ruhusa ya kubuni na bibi zao, huna haja ya kuwahubiria ubunifu. Kisha simama mbele ya picha ya tembo na uchague maswali yako kwa uangalifu, kwa sababu swali ndilo linaloamua utapata nini. Ukiuliza "Mnaona nini?" watakujibu msichana, tembo, kikapu, majani. Hiyo ni orodha. Uliza badala yake: "Katika picha hii nani anajua jambo ambalo mwenzake halijui?" Darasa zima litanyoosha kidole kwa tembo, na hapohapo una siri, una anayeficha na anayefichwa, na hadithi imeanza. Endelea: tembo alimwona Handa saa ngapi? Alikuwa wapi kabla ya hapo? Akishalipata hilo embe, atalila mwenyewe au kuna anayemsubiri? Akiulizwa nyumbani amelitoa wapi, atasemaje?

Swali hilo la mwisho liwe la wawili wawili. Mmoja tembo, mwingine mama yake tembo. Wape dakika chache waongee, na usiogope kelele. Darasa la watoto 74 likitunga kwa mdomo haliwezi kuwa kimya, na mwalimu wa jirani mwombe radhi mapema. Baada ya hapo waigize. Mtoto mmoja ajitwike ungo wenye vitu saba, vijiti na mawe vinatosha, atembee kati ya madawati bila kugeuka. Wengine wajitokeze nyuma yake mmoja mmoja, kila mmoja achukue kitu kwa namna ya mnyama wake. Utaona mambo ambayo kitabu hakina. Kuna atakayemwonea Handa huruma akarudisha kitu. Kuna atakayegombana na mwenzake. Yaandike pembeni kwa ajili yako, maana ndiyo mbegu za hadithi zao.

Hapa niseme jambo ambalo linanigusa. Tumezoea kila hadithi imalizike na "hadithi hii inatufundisha kuwa wizi ni mbaya". Kwa Handa utashawishika mno, kwa sababu wanyama wote saba wamechukua kisicho chao. Tafadhali jizuie. Mtoto akishajua kwamba mwishoni ataulizwa fundisho, anaanza kutunga kutokea kwenye fundisho: tembo anakamatwa, anachapwa, anaomba msamaha. Hadithi 74 zitafanana tena, safari hii kwa sababu yetu. Maadili yana vipindi vyake.

Baada ya kuongea na kuigiza, andikeni moja ya pamoja ubaoni. Wewe unashika chaki, maneno ni yao. Nitakuonyesha inavyokwenda. Mtoto atakupa sentensi: "Tembo alichukua embe." Iandike kama ilivyo na umshukuru. Kisha uliza darasa: alichukua kwa kutumia nini, mkono? "Kwa mkonga!" Mkonga wote, au sehemu yake? "Ncha!" Alinyakua au alifanya polepole? Mmoja atasema polepole, kama mtu anayeiba sukari. Kwa nini polepole? "Handa asisikie." Mbele ya macho yao futa, ongeza, hamisha, mpaka ubaoni pasomeke: "Tembo alilinyanyua embe polepole kwa ncha ya mkonga, kama mtu anayeiba sukari, Handa asisikie." Someni kwa sauti sentensi ya kwanza, kisha hii. Waulize wanaipenda ipi na kwa nini.

Kipindi kimoja cha namna hii kinafundisha mambo mawili ambayo maelezo hayawezi kuyafundisha. La kwanza, kwamba anayeandika anaruhusiwa kufuta. Watoto wetu wengi wanaamini daftari lenye mikato ni la mtoto mzembe, kwa hiyo hawaandiki neno wasilo na uhakika nalo. Ndiyo maana hutumia sentensi zilezile za tangu Darasa la Kwanza. Wakikuona mwalimu unafuta na kuchafua ubao, watathubutu. La pili, kwamba sentensi hukua kwa maswali, na maswali hayo mtoto anaweza kujiuliza mwenyewe.

Sasa waache waandike, ila wasiandike "hadithi". Kila mtoto achague mmoja kati ya wale wasiosema chochote kitabuni: mnyama yeyote kati ya saba, au mbuzi. Aandike kama yeye ndiye mnyama huyo, atuambie nini kilitokea siku Handa alipopita. Mipaka hiyo ndiyo inayomfungua, kwa sababu tukio analijua, anachotafuta ni sauti na sababu. Achore kwanza. Mchoro ni sehemu ya kazi, tena kwa mtoto ambaye maneno yanamchelewa ndio rasimu yake ya kwanza. Karatasi moja ya A4 ukiikunja nusu mara tatu unapata vyumba vinane. Ikunjue, ikunje nusu kwa upana, kata kwa mkasi kutoka kwenye mkunjo huo hadi katikati ya karatasi iliyokunjwa, kisha ikunjue, halafu ikunje kwa urefu na kuibana, na una kijitabu cha kurasa nane pamoja na jalada. Mtoto anayeandika kwenye kijitabu chenye jina lake mbele anaandika kwa moyo tofauti kabisa na anayeandika kwenye daftari la zoezi. Vitabu vingi vya picha madukani vina kurasa 32, navyo hutokana na karatasi kubwa iliyokunjwa na kukatwa. Waambie hivyo, watafurahi.

Tahajia uiache ipumzike siku hiyo. Pembeni mwa ubao andika maneno ambayo unajua watayahitaji: kikapu, mkonga, kamba, mchenza. Mengine waandike wanavyoyasikia. Mtoto akiinuka kila dakika kuuliza "Mwalimu, haraka inaandikwaje?", wazo alilokuwa nalo linamponyoka.

Mtoto mmoja niliyemfundisha aliandika hivi: "Mimi ni mbuzi nilifungwa na kamba fupi majani yote ya karibu nilisha kula. nikaona msichana ana kikapu nikajua kuna chakula nika vuta." Haina nukta zinazostahili, maneno yametenganishwa pasipotenganishwa. Lakini tazama alichofanya. Kitabu hakitoi sababu ya mbuzi kukata kamba. Huyu ameitoa, na imetoka kwenye maisha anayoyajua, ya mbuzi aliyefungwa mahali pamoja mpaka akamaliza majani yote anayoyafikia. Neno "fupi" linabeba hadithi nzima. Nilimwandikia chini: "Nimemwonea huruma huyu mbuzi, hasa uliposema kamba ni fupi. Alipovuta, kamba ilifanyaje?" Kisha nikamwonyesha kosa moja tu, kwamba "nikavuta" ni neno moja. Alirudi na sentensi mbili zaidi kuhusu kamba.

Fanya hivyo nawe. Jibu kwanza kama msomaji, ukitaja neno au jambo mahususi lililokugusa, uliza swali moja linalomrudisha kwenye kazi, sahihisha jambo moja. Vijitabu 74 huwezi kuvisoma kwa siku moja na hupaswi kujaribu. Soma kundi moja kwa siku. Alama za vema kwa kalamu nyekundu weka kwenye imla.

Na wale walioirudia hadithi ya Handa neno kwa neno? Usiwakemee. Kusimulia upya ni hatua halali ya kujifunza kutunga. Mwambie abadilishe kitu kimoja tu. Mwambie, kwa mfano, kwamba kikapu hakina matunda, kina mayai. Atakubali kirahisi, halafu atagundua mwenyewe kwamba mambo mengine hayasimami. Tembo anataka mayai ya nini? Labda aje kenge. Na mayai hayadondoki kutoka mtini, kwa hiyo mbuzi akikumba mti kikapu kitajazwa na nini? Badiliko moja limemlazimisha kubadili mwisho mzima, na sasa anatunga huku akidhani anafuata kitabu.

Baada ya juma moja au mawili ya wanyama wa Handa, wapeleke kwao. Wako kando ya ziwa, basi kapu liwe la dagaa, la kupelekewa shangazi. Nani atadokoa njiani? Kunguru, paka wa mwaloni (pale mitumbwi inapofikia), mwewe, pengine kaka mkubwa. Nani hataona? Kumbuka umbo unalotaka walibebe: mmoja anatembea akiwaza jambo lake, nyuma yake kinatokea kingine, na msomaji anajua zaidi ya mhusika. Mtoto akilishika umbo hilo atalitumia kwenye hadithi zisizo na kapu wala mnyama.

Jambo moja la kwenu huko Mara. Kama una watoto waliotoka vijiji vya upande wa Serengeti, tembo kwao si kichekesho. Wanamjua anayeingia shambani usiku na kumaliza mahindi. Katika picha ya tembo wanaweza kunyamaza wakati wenzao wanacheka. Wape nafasi waseme wanachokijua, na kama wanataka kuandika hadithi ya kutisha badala ya kuchekesha, waandike hiyo. Kitabu kilichoandikwa mbali kinamfikia kila mtoto kupitia alichokiishi, na hapo ndipo utakapopata maandishi yenye nguvu kuliko yote darasani.

Handa akishazoeleka, tafuta vitabu vingine vyenye pengo hilohilo kati ya maneno na picha. Cha Pat Hutchins cha mwaka 1968, Rosie's Walk, kinafaa sana: tetea anazunguka shambani, mbweha anamnyemelea kila ukurasa, na maneno hayamtaji mbweha hata mara moja. Vya bure vipo African Storybook, mpango wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Wana hadithi nyingi za Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, na leseni yake ni huria: unapakua kwenye simu, unachapa, unatafsiri, hata unabadilisha maneno kisheria kabisa. Ushauri wangu ni uchape picha, maneno uyaache. Hapa nyumbani pia Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia vitabu vya Kiswahili vifike shuleni tangu 1991. Waulize maktaba ya mkoa au shule jirani kama wanavyo.

Mwalimu mkuu wako ana haki ya kuuliza, na jibu lake lipo. Mtihani wa Kiswahili unamtaka mtoto asome habari, aelewe hata lisilosemwa waziwazi, na apange mawazo yake yafuatane. Mtoto anayeweza kukuambia kwa nini mbuzi alivuta kamba wakati kitabu hakijasema, ameshafanya kazi hiyo ya ufahamu kwa hiari yake. Usimjibu kwa maneno tu, mwalike siku ya makundi asomewe vijitabu vitatu na wenyewe waliovitunga, achague ukurasa mmoja na kumuuliza mtoto kwa nini aliandika hivyo.

Juma la kwanza usitegemee makubwa. Wengi watakupa mchoro na sentensi mbili, na wachache watarudi kwa sungura na fisi. Ukiona hivyo usiongeze urefu wa kazi wala idadi ya sentensi. Rudi kwenye mkeka na picha ya tembo, waongee zaidi kabla ya kuandika.